Mto Ntahangwa na Matawi ya Uhandisi Ujenzi

Vitabu vingi vya shule huigawa elimu ya uhandisi ujenzi kama mtu agawavyo chungwa: kipande hiki cha majengo na miundo yake, hiki cha barabara na madaraja, hiki cha maji, hiki cha udongo na misingi, na hiki cha usafi wa miji. Mgawanyo huo una faida darasani, kwani mwanafunzi hawezi kumeza chungwa zima kwa mara moja. Katika makala haya, hata hivyo, tumekusudia kuyatazama matawi hayo yote mahali pamoja, yaani katika Mutanga Sud, mtaa wa mji wa Bujumbura ambao jina lake lina maana ya Mutanga ya Kusini. Sababu ya kuuchagua mtaa huu si uzuri wa nyumba zake, ingawa zipo zilizo nzuri, wala si Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, ingawa ni fahari kuwa nayo jirani. Sababu ni mto Ntahangwa upitao kando yake. Mto huo haujapata kusoma vitabu, na hauyajui matawi.

Tuanze na jina la kazi yenyewe, kama ilivyo desturi ya walimu wa lugha. Neno mhandisi tumelipata kwa Waarabu, nao neno lao handasa asili yake ni Kiajemi, ambamo lilihusu kupima. Basi mhandisi, kwa asili ya jina lake, ni mpimaji kabla hajawa mjenzi. Katika Ulaya mambo yalikuwa tofauti. Huko kwa karne nyingi mhandisi alikuwa mtu wa jeshi, mwenye kujenga ngome na kuzibomoa ngome za wengine. Ufaransa iliunda kikosi cha wahandisi wa madaraja na barabara mwaka wa 1716, na shule yao ikafunguliwa Paris mwaka wa 1747. Katika Uingereza, John Smeaton (1724–1792), ambaye alimaliza mnara wa taa wa Eddystone mwaka wa 1759 kwa chokaa yenye kugandamana hata chini ya maji, alijiita mhandisi wa kiraia ili watu wasimdhanie kuwa askari. Mwaka wa 1771 wenzake walianzisha chama chao, na mwaka wa 1818 kikafuata kile chama kikubwa zaidi ambacho kipo hata leo. Kwa hiyo lile neno "kiraia" halikuwa na fumbo lolote. Maana yake ilikuwa "si wa jeshi", basi.

Bujumbura nayo ilianza kwa jeshi. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi kwenye pembe hii ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, wakakiita Usumbura. Wabelgiji walikitwaa mwaka wa 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakakifanya makao makuu ya utawala wao wa Ruanda-Urundi. Jina la Bujumbura lilishika nafasi yake nchi ilipopata uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Tangu mwanzo wa mwaka wa 2019 makao makuu ya kisiasa ni Gitega, na Bujumbura imebaki kuwa mji mkuu wa biashara.

Wapimaji wa kikoloni waliugawa mji huu kwa rangi za watu. Wazungu walijengewa juu, penye upepo, sehemu za Rohero na Kiriri. Wahindi na Waarabu waliwekwa karibu na maduka na bandari. Waafrika walipewa uwanda wa chini, na humo ndimo ulimozaliwa mtaa wa Buyenzi, wenye njia zilizonyooka na kupewa namba, ambao hadi leo ni ngome ya Kiswahili katika Burundi. Katika miaka ya 1950 ofisi ya serikali iliyoshughulikia makazi ya Waafrika ilijenga mtaa wa Ngagara ng'ambo ya Ntahangwa. Mgawanyo huo ulikuwa wa siasa, lakini ulikuwa na matokeo ya kihandisi ambayo hayakwisha pamoja na ukoloni: kila paa na kila sakafu ya simenti iliyowekwa juu ilipeleka maji yake chini, kwa jirani.

Sasa tuitazame ardhi. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita 774 hivi juu ya usawa wa bahari. Safu ya milima itenganishayo maji ya Kongo na maji ya Nili, iliyo mashariki ya mji, hupita mita 2,000, nayo haiko mbali hata kilomita 25 kwa mstari ulionyooka. Mvua za uwandani ni kama milimita 850 kwa mwaka, na za mlimani ni nyingi zaidi. Mito ya Ntahangwa, Muha, Kanyosha na mingineyo huteremka kutoka katika miteremko ya Mumirwa kwa kasi kubwa, ikibeba mawe, mchanga na udongo. Inapofika uwandani kasi hupungua, nayo huutua mzigo wake. Uwanda wenyewe wa Imbo si kitu kingine ila mizigo ya namna hiyo iliyotuliwa kwa maelfu ya miaka. Mutanga Sud iko katikati, mahali ambapo mlima haujakwisha na uwanda haujaanza vizuri.

Tawi la kwanza wanalolikumbuka watu ni la majengo. Hapo sisi wa Kiswahili tuna urithi wa zamani. Majumba ya Kilwa, kama vile Husuni Kubwa ya karne ya 14, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Upana wa chumba cha pwani haukuamuliwa na matakwa ya mwenye nyumba, bali urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Huo tayari ulikuwa uhandisi: kujua mti huu utabeba nini, na kwa umbali gani. Zege la kisasa linafuata hoja ile ile. Zege peke yake huvumilia sana kugandamizwa lakini halivumilii kuvutwa. Chuma huvumilia kuvutwa. Ndipo fundi akatia nondo ndani ya zege, upande ule ambao mzigo utauvuta. Mtu akiweka nondo upande usiostahili, zege litapasuka hata kama simenti yake ilikuwa nzuri.

Ujuzi huo ulipofika Burundi, jambo moja lilitokea ambalo wahandisi hawalitaji, nasi tungekosa haki tusingelitaja. Ujenzi ulikuja umevaa maneno ya Kiswahili. Kirundi, lugha yenye utajiri mkubwa wa maneno yake, kilimpokea umufundi, kikapokea itafari kwa tofali, umusumari kwa msumari, idirisha kwa dirisha, umuferege kwa mfereji, na ibarabara kwa barabara. Ama daraja, Kirundi hakikuazima: kina ikiraro, kwani Warundi walivuka mito yao tangu zamani na hawakuhitaji mtu wa pwani kuwaletea jina. Simenti nayo huitwa isima, na hilo lilitoka kwa Kifaransa. Hivyo katika ukuta mmoja wa nyumba ya Bujumbura mna lugha tatu zilizopangwa safu kwa safu. Mwalimu anayetafuta somo la maneno ya mkopo haendi mbali, na aende tu mahali panapojengwa nyumba akasikilize watu wakiitana.

Tawi la barabara tutalipitia kwa haraka. Barabara za kwanza za magari katika Ruanda-Urundi zilichimbwa kwa kazi ya lazima, kwa jembe na karai, na wazee wengi walizikumbuka kwa uchungu. Baada ya uhuru lami ilipanda mlimani kuelekea Bugarama na Kayanza hadi mpaka wa Rwanda, na nyingine ikafuata ufuko wa ziwa kuelekea Rumonge. Mjini, barabara kuu inayopita upande wa Mutanga ina jina la tarehe 28 Novemba, yaani siku ambayo jamhuri ilitangazwa mwaka wa 1966. Jambo la kukumbuka kuhusu lami ni kwamba adui yake mkubwa si gari, ni maji. Maji yakiingia chini yake, kokoto na udongo ulioshindiliwa hulainika, na magurudumu humaliza kazi ambayo maji yameianza. Ndiyo maana barabara nzuri huanza na mtaro na kalvati. Lakini mtaro nao ni lazima uishie mahali, na katika Mutanga Sud mahali penyewe ni Ntahangwa.

Hapo tumekwisha kuvuka, bila kuvushwa na mtu, kutoka tawi la barabara hadi tawi la maji. Tawi hili katika Bujumbura lina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni wa neema. Shirika la Regideso huchota maji katika Ziwa Tanganyika, huyasafisha, kisha huyasukuma kwa pampu yapande hadi matangi yaliyo juu ya mji, ili yashuke yenyewe kwa mabomba hadi majumbani. Umeme unaoziendesha pampu hizo nao ni kazi ya wahandisi wa maji: bwawa la Rwegura lililoanza kazi mwaka wa 1986, mitambo ya mto Ruzizi ambayo Burundi inashirikiana na majirani zake, na tangu mwaka wa 2023 ile ya maporomoko ya Rusumo, iliyojengwa kwa pamoja na Tanzania na Rwanda. Hivyo bilauri moja ya maji ya kunywa katika Mutanga imepandishwa mlima kwa nguvu za maji mengine yaliyokuwa yakiteremka.

Uso wa pili ni wa hofu. Ziwa lenyewe hupanda na kushuka kwa desturi yake. Mnamo mwaka wa 1878 kizuizi cha matope na mimea katika mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa kutokea maji ya Tanganyika, kilivunjika, na ziwa likashuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Mwaka wa 1964 lilipanda hata likaingia sehemu za chini za mji. Mwaka wa 2024 lilirudia kimo kilichokaribia kile cha 1964, na watu wa Gatumba na wa mitaa ya ufukoni wakazihama nyumba zao. Mutanga Sud iko juu, haiogopi ziwa. Yenyewe huogopa kinachotoka mlimani. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mvua kubwa ilinyesha juu ya vilima, na maji yaliyochanganyika na matope na mawe yakaishukia mitaa ya kaskazini, hasa Kamenge, Kinama na Buterere. Zaidi ya watu 60 walikufa, na maelfu wakakosa mahali pa kulala.

Tumefika sasa kwenye tawi ambalo kwa maoni yetu ndilo moyo wa habari hii, nalo ni la udongo na misingi. Ni tawi changa. Watu walijenga piramidi, misikiti na makanisa makubwa bila ya kuwa na elimu yake iliyoandikwa, na baadhi ya majengo hayo yaliinama. Kitabu kilichoifanya kuwa elimu kamili kilitolewa na Karl Terzaghi huko Vienna mwaka wa 1925. Fundisho lake kuu laweza kuelezwa kwa maneno machache. Udongo ni chembe chembe zinazoegemeana, na kati yake mna nafasi. Nafasi hizo zikijaa maji, maji hubeba sehemu ya mzigo, na chembe huacha kukazana. Udongo ule ule uliokuwa imara wakati wa kiangazi huwa dhaifu wakati wa masika, bila ya mtu kuugusa.

Sasa msomaji autazame ukingo wa Ntahangwa akiwa na fundisho hilo mkononi. Ukingo ni mrefu na umesimama wima, nao umeumbwa kwa mchanga, mfinyanzi na changarawe ambazo mito ilizileta zamani na ambazo hazijawa mwamba. Mvua inyeshapo mlimani mto hujaa, na mkondo huukwangua ukingo kwa chini, kwenye nyayo zake. Wakati huo huo maji ya mvua iliyonyesha mtaani huingia ardhini kwa juu, na kuuongezea ukingo uzito na kuupunguzia nguvu. Kwa muda ukingo husimama, kwa sababu maji ya mto yaliyojaa huuegemea na kuuzuia. Mto ukipungua, lile egemeo huondoka ghafula, na udongo bado umelowa. Basi kipande kizima huanguka. Hiyo ndiyo sababu maporomoko mengi hutokea baada ya mvua kuanuka, wakati ambapo watu wamekwisha kushusha pumzi.

Katika miaka hii ya karibuni Ntahangwa imekula viwanja, kuta za nyua na nyumba katika mitaa iliyo kandokando yake, na makorongo yamekaribia mahali ambapo hapo awali palikuwa mbali na mto. Lawama hutupwa pande nyingi. Wengine huwalaumu vijana wachimbao mchanga na mawe mtoni. Ni kweli kwamba kuuondoa mchanga huo hukiteremsha kitako cha mto na kuziacha nyayo za ukingo wazi. Lakini mchanga huo huenda wapi? Huingia katika zege la nyumba za mji, pamoja na nyumba za wale wanaolaumu. Wengine huwalaumu wakulima wa milimani waliofyeka miti, nao wana sehemu yao. Sisi tungeongeza mlaumiwa wa tatu, ambaye hatajwi mara nyingi: mabati na lami. Mteremko uliokuwa na nyasi ulikunywa mvua polepole. Mteremko uliofunikwa kwa mapaa huitema yote kwa mara moja, na bomba la mtu mmoja likielekezwa kwenye ukingo hufanya kwa msimu mmoja kazi ambayo mto ungeifanya kwa miaka.

Dawa iliyotumiwa zaidi ni gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe na kupangwa kama ngazi kwenye nyayo za ukingo. Ubora wake ni kwamba hupenyeza maji, hivyo maji hayasongamani nyuma ya ukuta na kuusukuma, na udongo ukiketi navyo huketi pamoja nao bila kupasuka. Katika miaka ya 2010 na baadaye sehemu kadhaa za kingo zilikingwa kwa njia hiyo, baadhi ya kazi zikisaidiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Lakini gabioni iliyowekwa hapa huurusha mkondo upande wa pili kule chini, na ikiwa hapakujengwa huko, tatizo limehamishwa tu. Ndiyo maana kazi za maana ni zile ambazo pia hupanda hadi vilimani, zikachimba makingamaji ya kufuata usawa wa mlima na kupanda miti na majani. Mhandisi wa kingo asiyemjua mkulima wa Mumirwa ataijenga kuta moja mara tatu.

Limebaki tawi la usafi, ambalo wengi huliona duni. Ulaya yenyewe ililidharau hata pale harufu ya mto Thames, mwaka wa 1858, ilipowashinda wabunge wa London, ndipo wakampa Joseph Bazalgette fedha za kujenga mifereji mikuu ya maji machafu. Bujumbura ina mabwawa ya kusafishia maji machafu huko Buterere, lakini nyumba nyingi za mji hutumia mashimo. Shimo la maji machafu lililochimbwa karibu na ukingo huulowesha udongo kiangazi na masika. Tatizo la usafi limekuwa tena tatizo la udongo.

Kwa hiyo swali letu la lugha si la mapambo. Katika Tanzania, hasa baada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufungua Kitivo cha Uhandisi mwaka wa 1973, watu walihitaji jina la elimu hii. Wengine walifuata neno la Kizungu wakasema "uhandisi wa kiraia", nalo humfanya mwanafunzi wa leo kuuliza kama kuna uhandisi wa wageni. Lililoshika ni "uhandisi ujenzi", nasi tumelitumia katika makala haya kwa kuwa linaeleweka. Hata hivyo tunaliona kuwa ni jina lenye jicho moja. Mwambie mwanafunzi "ujenzi" naye ataona nyumba. Hataona mtaro, wala ukingo, wala mche uliopandwa mlimani ili nyumba ya mjini isianguke.

Hasara yake huonekana pale watu wanapokutana kuujadili mto. Michoro na vipimo vimeandikwa kwa Kifaransa. Wakazi huzungumza Kirundi, na wengi wao Kiswahili pia. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2007, na Kiswahili kinafundishwa shuleni, lakini mtoto hutoka darasani akijua majina ya wanyama wa mbugani ambao hajawaona kamwe, asijue kuuita kwa jina ukingo unaobomoka nyuma ya nyumba yao. Maneno tunayo: mmomonyoko, korongo, mtaro, kingamaji, mteremko, msingi, kushindilia, timazi, pimamaji. Mafundi wanayo mengine ambayo kamusi hazijayapokea.

Kwa gabioni tunapendekeza "kizimba cha mawe", kwa sababu ndivyo kilivyo, na hata mtu ambaye hajakiona ataweza kukichora. Ama ile hali ya ukingo kuanguka baada ya mto kupungua, hatujapata neno moja lililotutosheleza. Walimu wenzetu wa Kigoma, Uvira na Bukavu, ambako milima nayo imelisogelea ziwa, huenda wanalo neno vinywani mwa wavuvi au wakulima wao. Tutashukuru wakiliandikia jarida hili.